Sufuria la Watu Wanane

Picha ile ilibandikwa kwenye friji yangu bila idhini yangu. Nalisema hilo mwanzo kabisa, maana kila nikisimulia mambo haya hutokea mtu akaniuliza, "Lakini si ulikuwa unajua?" Nilikuwa najua. Kujua na kukubali ni vitu viwili.

Ilikuwa karatasi ya rangi, imekunjwa mara tatu, ambayo shemeji yangu anayeishi Uingereza alimtumia kaka yake, yaani mume wangu, kwa posta. Ilionyesha nyumba ya mawe ya kupangisha watu wa likizo, katika mji mmoja wa kale huko Wales. Madirisha madogo kama ya banda la kuku, waridi limepanda ukutani mpaka darini. Nyuma ya nyumba unaona ukuta wa mji, na nyuma ya ukuta kipande cha ngome ya wafalme wa zamani, mnara mmoja umevunjika juu kama jino bovu. Na uani ndiyo yenyewe: pipa kubwa la mbao, pana kuliko kitanda changu, limejaa maji yanayofuka mvuke, na Wazungu watatu wamo ndani mpaka mabegani, wanacheka.

"Hot tub hiyo," mume wangu alisema, akiigonga picha kwa kidole. "Watu wanane waingia kwa mpigo. Tena nje, kwenye baridi! Wewe umekaa zako kwenye maji ya moto, watazama ngome."

"Hilo ni sufuria," nikamwambia. "Na hao ni viazi."

Akacheka, akadhani natania. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, nimesimama kwenye jiko la fleti yetu ya Adelphi, huku Marekani, miguu imejaa maji hata ndala hazinipiti, na sikuwa natania hata kidogo. Nilikuwa nimeshaona kilichoandikwa kwa kalamu pembeni ya picha, kwa mwandiko wa shemeji: wiki ya mwisho ya Julai, familia yote, na Mama.

Mama huyo ni mama mkwe wangu. Na Mama huyo, wiki ya mwisho ya Julai, alikuwa wangu.

Ngoja nieleze. Mama mkwe wangu ni mkandaji. Mombasa, mtaani kwake, mwanamke akijifungua haulizwi atakandwa na nani. Anafuatwa yeye. Anakuja asubuhi na majani yake ya mkaratusi na mpera, anayachemsha, anachovya taulo, analikamua, analibandika mgongoni kwa mzazi likiwa na moto wake, anakandamiza kwa kiganja mpaka mifupa irudi mahali pake. Kisha tumbo, kisha nyonga, kisha mafuta ya ufuta, kisha anakufunga mkaja tumboni mpaka unapumua kwa zamu. Anafanya hivyo siku arobaini, na katika siku hizo arobaini mzazi hapiki, hafui, hatoki. Kuna jirani yake aliwahi kutoka mlangoni mara moja tu kwenda kuanua nguo kwenye kamba siku ya ishirini na tano, Mama alimsema mpaka leo anasemwa.

Mimi ni wa Tanga, na mama yangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa hapa hapa Maryland, na sikukandwa na mtu. Siku ya nne nilikuwa jikoni nasonga ugali. Wiki ya sita nilikuwa nimerudi kazini Rockville, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nakunja mashuka ya watu wengine. Tangu hapo mgongo wangu haukuwa wangu. Nikiinama kumfunga mtoto viatu, lazima nishike kitu ndipo niinuke. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nikishika ukuta kama bibi kizee. Daktari alinipa vidonge na karatasi yenye picha za mtu anayejinyoosha.

Kwa hiyo nilipopata mimba ya pili, kabla hata sijamwambia mtu mwingine, nilimpigia mama mkwe simu Mombasa. Nilimwambia, "Mama, safari hii nikande." Akasema, kwa kauli yake mwenyewe, "Mwanangu, n'takuja mimi na mikono yangu. Siku arobaini, isipungue hata moja." Nililia kwenye simu. Sijawahi kumlilia mtu yule kabla ya hapo.

Basi ndiyo hiyo iliyokuwa imeandikwa pembeni ya picha. Arobaini zangu zilikuwa zinapelekwa Wales.

Nilisema, kwa utaratibu kwanza. Nimesoma mpaka kidato cha nne, kalenda naijua. Nilimkalisha mume wangu kwenye kochi nikamwonyesha: mtoto anatarajiwa katikati ya Julai. Hii hapa wiki ya sufuria. Mtoto atakuwa na siku kumi.

"Waona wewe," akasema, "mtoto hatazamii kalenda. Aweza kuja mapema."

"Akija mapema ndiyo arobaini zinahama?"

"Mama ataanzia kule wiki moja, kisha yuaja huku."

"Anakuja na nini? Viza yake iko wapi?"

Akainuka kwenye kochi. Viza ya Uingereza ilikuwa imetoka, shemeji aliifuatilia. Ya Marekani, Mama alikuwa ameambiwa arudi na barua kutoka kazini kwa mume wangu, ambaye anaendesha basi dogo la hoteli linalochukua wageni uwanja wa ndege. Barua aliandikiwa. Ilikuwa juu ya televisheni. Ilikaa juu ya televisheni wiki tatu, na kila siku nilimwambia, "Barua," na kila siku alinijibu, "Kesho naipitisha posta." Picha ya sufuria ilifika Jumanne, na Jumanne hiyo hiyo ikapata sumaku ya friji. Barua ilipata vumbi. Hapo ndipo utakapojua kipi mtu anakitaka na kipi anakiahidi tu.

Nikampigia mama mkwe mwenyewe. Nilikuwa na kadi ya simu, ile ya kukwangua namba, na mwanamke wa ndani ya kadi akanitajia dakika zangu kama hakimu. Mama akapokea akiwa na furaha. Alikuwa ameshasimuliwa sufuria.

"Mwanangu, maji yale yachemka yenyewe, wajua? Yapiga povu. Yakukanda bila mkono wa mtu. Haya magoti yangu, mwaka wa tatu huu sisali ila kwa kiti. Labda Mungu ameniandikia nafuu huko."

"Mama, na mimi?"

"Wewe n'ni?"

"Mimi nani atanikanda?"

Simu za wakati ule zilikuwa na mwangwi. Nilisikia swali langu likinirudia mwenyewe kabla halijamfikia. Kisha akasema, na hili sitalisahau, "Si nawe uje? N'takukandia huko huko. Maji si yapo tele?"

Mwanamke aliyemsema mwenzake kwa hatua kumi za kuanua nguo! Ananiambia mimi nipande ndege siku ya kumi, na kichanga, nivuke bahari, nikakandwe kwenye pipa walimokaa watu wanane. Nilitaka kumwambia neno. Lakini ni mama wa mume wangu, na mimi nimelelewa. Nilisema, "Sawa, Mama, pumzika." Nikakata simu, nikaenda bafuni, nikafungua bomba ili mwanangu wa miaka mitatu asinisikie ninavyotukana.

Sasa nitasema na la upande wa pili, maana nikilificha nitakuwa mwongo. Mume wangu alikuwa hajamwona mama yake miaka sita. Baba yake alifariki katika miaka hiyo, na hakwenda kuzika, kwa sababu karatasi zake zilikuwa hazijakamilika, angetoka asingerudi. Siku ile ya msiba alikwenda kazini kama kawaida, akabeba mabegi ya wageni. Mwaka ule karatasi zilikuwa zimetoka. Aliketi kitandani usiku mmoja akaniambia, "Nataka nimguse tu, basi." Mtu akikuambia hivyo utamjibu nini? Hiyo ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Ubaya mtupu una pa kuupiga. Huu wa kwake ulikuwa umefungwa pamoja na haki yake, nami sikuweza kupiga kimoja nikaacha kingine.

Lakini barua ilikuwa juu ya televisheni. Angeipeleka, angemgusa mama yake hapa hapa, kwenye barabara yetu ya University Boulevard, akashiba.

Mtoto alikuja siku ile ile waliyosema. Msichana. Hospitali walinipokea vizuri, sina neno nao, ila baada ya kuzaa tu muuguzi akaniletea barafu. Barafu! Jagi la maji lenye mabonge yanayogongana, na mfuko mwingine wa barafu wa kuweka mahali ambapo sitapataja. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, tafadhali, maji ya moto. Akaniletea chai. Mama mkwe wangu angeliona barafu lile angezirai, na nilitamani azirai, maana angekuwa yupo.

Siku mbili baadaye nilikuwa nyumbani. Siku nane baada ya hapo, mume wangu alikuwa mlangoni na begi.

Alikuwa amejaza friji. Hilo alilifanya kwa moyo wote, alinizungusha akinionyesha kama mtu anayeonyesha gari jipya. Piza za barafu. Kuku wa vipande wa barafu. Maji ya machungwa ya barafu. "Hutapika kitu," akasema. "Watia tu kwenye maikrowevu." Mzazi wa siku kumi, nilishwe vitu vilivyotoka kwenye barafu. Mtoto mkubwa akamkumbatia mguu akamuuliza, kwa Kiingereza chake cha katuni, kama atamletea ngome. Akasema atamletea. Mlango ukafungwa.

Sitaki kuisimulia wiki ile yote. Nitasimulia alasiri moja.

Siku ya tatu tangu aondoke, mgongo ulikataa. Nilikuwa namtoa mtoto kwenye kitanda chake, nikabaki nimeinama hivyo hivyo, siendi mbele wala sirudi nyuma, kichanga mikononi. Nilimrudisha taratibu, nikatambaa mpaka jikoni, nikaweka sufuria la pilau motoni lijae maji. Nilisema: kama hakuna wa kunikanda, nitajikanda. Nikachukua taulo. Nikavua, nikakaa kwenye kigoda cha mtoto, nikachovya, nikakamua, nikajibandika tumboni. Mpaka hapo sawa. Kisha mgongoni. Jaribu wewe unayesoma. Chukua taulo la moto ulikandamize katikati ya mgongo wako mwenyewe, kwa nguvu, kwa kiganja. Nilirusha juu ya bega kama mtu anayejichapa mjeledi. Maji yakanichuruzika, yakapoa yakiwa njiani. Mtoto wangu mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Aliniuliza, kwa Kiingereza, nimefanya kosa gani.

Mlango ukagongwa. Ni jirani wa chini, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, anayesafisha maofisi Rockville zamu ya jioni. Alikuja kila siku kabla ya basi lake, akambeba mtoto nusu saa ili mimi nioge. Akanikuta na kanga imelowa, sakafu imelowa, nimekaa kwenye kigoda chenye picha ya bata.

"Mama, unafanya nini hivi?"

"Najikanda."

"Peke yako?" Akaweka mkoba chini. "Na bwana yako iko wapi?"

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa naona haya. Nikamwambia.

"Ameenda Ulaya," akarudia polepole, kama anayetafsiri barua ya serikali. "Kuoga."

"Ndiyo."

"Mu mayi ya moto."

"Ndiyo."

Akageuka, akafungua bomba la sinki langu, akatia mkono chini yake, akangoja mpaka mvuke ukatoka. "Mama," akasema, "na hapa Adelphi mayi ya moto haiko?"

Nilicheka mpaka tumbo likaniuma, kisha nikakasirika kwa sababu limeniuma. Alinisugua mgongo dakika chache kwa lile taulo, kwa haraka, huku akitazama saa. Kwao nao wanakanda, alisema, lakini kazi hiyo haitaki mtu mwenye basi la kukimbilia. Akaondoka. Nilibaki na nusu ya mgongo.

Simu ya mume wangu ilikuja siku ya tano. Kule kwao ilikuwa jioni. Nilisikia watoto wanapiga kelele, na shemeji nyuma anacheka kicheko cha mtu aliyeshiba.

"Leo hapa kumekuwa na sinema," akasema. "Ngoja nikupe."

Akanipa. Mama tangu alipofika alikataa kuingia kwenye pipa. Alisema maji yanuka dawa ya choo. Walimbembeleza siku nne. Siku ya tano alikubali, kwa sharti watoto wote watolewe na wanaume wakae ndani. Akashuka na dera lake na leso mbili. Lakini kabla ya kushuka akafungua furushi lake. Akamwaga majani. Majani ya mkaratusi, majani ya mpera, karafuu vibaba viwili, na chupa ya mafuta ya ufuta, nusu. Kisha akaingia, akasema Bismillahi, akabonyeza kile kitufe cha povu.

"Harufu hiyo!" mume wangu akasema. "Barabara nzima! Watalii washuka kutoka ngomeni wanusa. Dakika kumi raha mustarehe, Mama yuaimba. Kisha povu likageuka rangi. Kahawia! Likapanda, likamwagika, mashine ikakohoa, kho, kho, ikazima. Yule mzee mwenye nyumba anakaa hapo jirani. Akaja na mabuti yake, akavua kofia, akatazama ndani, akamuona Mama amekaa katikati ya majani na karafuu. Akatuuliza, kwa adabu kabisa, kama tulikuwa tunapika."

Shemeji akapiga yowe la kicheko. Mume wangu alikuwa hawezi kuvuta pumzi. Alikuwa akingoja nicheke.

"Majani gani?" nikamuuliza.

"N'ni?"

"Majani. Majani gani hayo?"

"Si hayo aliyokuja nayo."

"Aliyokuja nayo ya nani?"

Kicheko cha shemeji kule nyuma kikakatika, sijui kama alionyeshwa kwa mkono.

"Ya nani?" nikasema tena.

"Alisema... yangeharibika."

Majani yale niliyajua. Miezi minne kabla, Mama aliniambia kwenye simu ameanza kuyaanika kivulini, juu ya kabati, kwa sababu yakianikwa juani hupoteza nguvu. Karafuu aliagiza Pemba. Mafuta aliyakamulisha mwenyewe. Alikuwa ameyafunga kwenye kanga, jina langu limo midomoni mwake, ameyapitisha viwanja viwili vya ndege ndani ya mto wa kulalia. Yalivuka Afrika nzima, yakafika Ulaya, yakabakiza bahari moja tu. Na yakaishia kwenye chujio la pipa la mbao, chini ya ngome, na mzee wa Kiwelshi anayazoa kwa kijiko.

Nilikata simu. Sikuwahi kumkatia simu mume wangu. Ikalia tena. Nikaiacha ilie, mashine ya ujumbe ikapokea, nikasikia sauti yake jikoni kwangu ikiniita kwa jina alilonipa tulipooana. Nikaenda kuchomoa waya.

Alirudi Jumapili alasiri. Mtoto alikuwa na siku kumi na nane. Aliingia na begi, macho mekundu ya safari, akiwa na ngome ya plastiki kwa mwanawe na mfuko wa plastiki kwangu. Ndani ya mfuko kulikuwa na nusu ya chupa ya mafuta iliyobaki, na mkaja. Mkaja wenyewe, kitambaa kirefu cheupe alichokifuma Mama. Nao ulikuwa umelowa siku ile, maana furushi liliachwa ukingoni mwa pipa. Nikaunusa. Klorini.

Na picha, wameshaisafisha kule kule: wote wamo ndani ya maji mapya, wanane, wanaume upande huu na watoto upande ule, na Mama amekaa kwenye kiti pembeni, miguu ndani mpaka magotini, anatabasamu. Mume wangu amemshika mkono. Alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona, uso wa mtoto. Niliitazama picha ile muda mrefu. Haikunitoa hasira.

"Nimechoka kufa," akasema, akikaa kwenye kochi kuvua viatu.

"Weka maji motoni."

"Wataka chai?"

"Sufuria la pilau. Lijaze."

Akanitazama. Akaelewa polepole. "Nani atakukanda?"

"Wewe."

"Mimi?" Akasimama na soksi moja. "Mwanamume? Mwanamume kumkanda mzazi, wapi umesikia hilo?"

"Wapi umesikia mzazi kujikanda na kigoda cha bata? Zimebaki siku ishirini na mbili. Zile kumi na nane mmezila nyinyi. Hizi hamzili."

"Mimi sijui hata pa kuanzia!"

"Mama yako anajua. Yuko kwa ndugu yako mpaka mwezi wa tisa. Mpigie."

Alirudisha waya, akapiga kwa kadi yangu, akaweka ile simu yetu kwenye kipaza sauti, juu ya mashine ya kufulia. Mama akapokea. Mume wangu akaeleza kwa maneno ya kupitapita. Halafu tukasikia, "Astaghfirullah!" Kisha, "Mwanamume! Mwanangu mimi! Kumkanda mzazi! Watu wakisikia?"

Nikasogea karibu na simu. Nilikuwa nimeshafungua mgongo, nimekaa kwenye kigoda. Nikasema kwa heshima zote, "Basi njoo, Mama."

Mwangwi ukanirudishia: njoo, Mama.

Nilihesabu pumzi zangu. Tano. Sita. Kisha sauti ikaja, nyingine kabisa, sauti ya mtu aliye kazini. "Maji yamechemka?"

"Yamechemka," mume wangu akasema.

"Yapime kwa kiwiko. Si kwa kidole, wewe, kwa kiwiko. Kanda mgongo kwanza, usiguse tumbo mpaka n'kwambie. Chovya. Kamua."

Akakamua.

"Hujakamua! N'nasikia huku yanavyodondoka! Wataka kumchoma mke wako?"

Akakamua tena. Akabandika. Niliruka. Kilikuwa kiganja kizito cha mtu anayezoea kubeba masanduku, nacho kilikuwa hakijui kinakokwenda.

"Kandamiza. Si kumpapasa! Wamchezea? Kandamiza na uzito wa bega. Shuka na mfupa. Hapo kwenye kiuno kaa, kaa hapo, usitoke mpaka nimsikie amepumua."

Mume wangu amepiga magoti kwenye sakafu ya linoliamu, jasho linamtoka puani. Mtoto mkubwa amekaa chini na ngome yake anatuangalia. Na mama mkwe wangu, upande wa pili wa bahari, anasikiliza pumzi zangu kwenye simu.

Nikapumua.

"Haya," akasema. "Nyonga."

Mwanamke wa ndani ya kadi akaingilia katikati kutuambia tumebakiza dakika moja. Mama akamwambia anyamaze.

Alinikanda siku zote ishirini na mbili, akitoka kazini, kabla ya kula. Wiki ya kwanza Mama alimwongoza kila siku, na kila siku alimtukana, "punguani wewe, baba yako alikuwa na akili", na wiki ya pili akawa anapiga kuuliza tu. Mkaja niliuchemsha mara tatu mpaka klorini ikatoka. Mgongo wangu ulirudi, si wote. Naweza kumfunga mtoto viatu nikainuka bila kushika ukuta. Siku za baridi hapana. Mama hakuniomba radhi, na mimi sikumsaidia kuniomba. Siku ya arobaini aliniuliza tu, "Wapumua vizuri?" Nikamwambia, "Kwa ishirini na mbili, ndiyo." Alijua kuhesabu.

Shemeji aliandika tena mwaka uliofuata. Nyumba ile ile, mzee amewasamehe, sufuria limepata mashine mpya. Karatasi ilifika, nikaiweka juu ya televisheni.

Mume wangu aliniomba jambo moja tu kwa mambo yale yote. Aliniomba akiwa bado amepiga magoti, taulo mkononi, siku ya kwanza: kwamba nisimwambie mtu yeyote, si wa msikitini, si wa kazini, si wa Mombasa, kwamba alimkanda mzazi. Nilimwambia nitafikiria.

Nimefikiria.